Mkwe, Mtani na Utungo wa Samaki: Jinsi ya Kuandika Mchezo wa Kuchekesha kwa Wahusika Wasiopatana

Vikundi vya vijana hapa Lamu vikitaka kuandaa mchezo wa kuchekesha, kwa kawaida huanza kwa kukusanya vichekesho. Mmoja ana mzaha alioupata barazani, mwingine anajua kumwigiza mlevi, wa tatu ana kanzu ya babu yake inayoburura chini. Mizaha inaungwaungwa, mchezo unapandishwa jukwaani, watu wanacheka dakika kumi. Baada ya hapo waliokaa nyuma wanatoa simu.

Mchezo wa saa nzima unahitaji kitu kingine: watu wawili wasiofanana, waliofungwa pamoja, na wenye uhusiano unaowapangia la kuambiana na la kumeza. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo nitakalolikalia sana hapa. Nitatumia mchezo mmoja wa kubuni kuanzia hatua ya kwanza hadi siku ya maonyesho. Wahusika wake ni Bi Mwanaisha, mjane wa mtaa wa Mkomani; Famau, mvuvi kijana wa Kizingitini, kisiwani Pate, aliyemwoa binti yake; Time, huyo binti mwenyewe; na Bwana Shee, jirani asiyebanduka barazani.

Hatua ya 1: Anza na kifungo

Kabla hujaamua nani mkali na nani mpole, jiulize: kwa nini watu hawa wawili hawawezi kuachana? Kama jibu ni "basi tu, wanakaa pamoja," mchezo utakufa katikati, kwa sababu mtazamaji atakuwa anajiuliza mbona mmoja hafungi virago akaenda zake.

Lamu imejaa vifungo vya aina hii. Kuna mashua ya shirika ambayo mmoja ana tanga na mwingine ana chombo. Kuna punda aliyerithiwa na ndugu wawili. Kuna nyumba mbili zilizounganishwa na wikio juu ya kichochoro, kiasi kwamba ukikohoa upande huu unaombewa afya upande ule. Na kuna kile nilichokichagua mimi: desturi ya zamani ya majumba yetu ya mawe, kwamba baba humjengea binti yake nyumba au humwongezea ghorofa, na bwana harusi ndiye anayehamia. Famau amehamia kwa mkewe. Nyumba si yake, chumba si chake, mama mkwe yuko ghorofa ya chini na ngazi ni moja. Hawezi kuondoka bila kumwacha Time. Bi Mwanaisha hawezi kumfukuza bila kumfanya bintiye mtalaka. Wamekwisha!

Waandishi wazoefu hufunga wahusika wao kwa makusudi. Neil Simon alipoandika The Odd Couple, mchezo ulioanza kuonyeshwa Broadway mwaka 1965, aliwaweka mwanamume nadhifu na mwanamume mchafu katika fleti moja ya New York. Wanaousimulia hutaja unadhifu na uchafu. Mimi naona mzigo wote umebebwa na jambo jingine: Felix, yule nadhifu, amefukuzwa na mkewe, rafiki zake wanaogopa atajiua, na Oscar, ambaye ndoa yake imevunjika pia, ndiye aliyemwambia njoo ukae kwangu. Ukiondoa hofu ile ya mwanzo, mtu yeyote mwenye akili angemtoa Felix nje siku ya pili. Na waliokua na televisheni ya KBC wanamkumbuka Mzee Ojwang' na Mama Kayai katika Vitimbi: kila wiki mume ana hila mpya, kila wiki mke anaifumua, na hakuna aliyekuwa anatarajia wataachana. Ndoa ndiyo iliyokuwa uwanja wao.

Andika kifungo chako kwa sentensi moja. Kikihitaji sentensi tatu, tafuta kingine.

Hatua ya 2: Tofauti moja, nayo ionekane mkononi

Hapa watu huharakisha. Wanaandika kwenye daftari: "Bi Mwanaisha ni bahili, mkali, mcha Mungu, hapendi vijana. Famau ni mkarimu, mvivu, mcheshi, anapenda mpira." Hizo ni sifa nane, na hakuna hata moja inayoweza kuigizwa. Chukua tofauti moja tu. Kwangu ni hii: mmoja huhesabu, mwingine hugawa.

Kisha ishushe kwenye kitendo ambacho mtazamaji wa mstari wa mwisho atakiona hata asiposikia neno. Mlango wa Lamu una mbao mbili, na katikati mfaa, ule mhimili wa mbao zinapokutana. Bi Mwanaisha akiingia hufungua ubao mmoja, tena nusu, anapita kiubavu na kuufunga nyuma yake kama kwamba hewa ya ndani imenunuliwa. Famau hufungua zote mbili hata akiwa peke yake, na huziacha hivyo hivyo, kwa sababu nyuma yake daima kuna mtu aliyemkaribisha njiani. Mwache mwigizaji afanye hivyo mara mbili mwanzoni bila kusema chochote. Mara ya tatu, Famau anapofika mlangoni, Bi Mwanaisha tayari amesimama ndani ameshika ubao wa pili kwa mkono. Hakuna aliyesema kitu, na watu watacheka.

Vitendo vingine vya aina hiyo utaviona ukitembea Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, asubuhi moja: muuza duka anayepima sukari kisha anarudisha punje tatu guniani, mzee anayekunywa kikombe chake cha kahawa chungu na kukigeuza kuhakikisha hakikubaki tone, kijana anayeamkia kila anayepishana naye mpaka barafu ya samaki wake inayeyuka. Viandike kama ulivyoviona. Sifa utazijaza mwenyewe baadaye, na pengine hutazihitaji.

Jambo moja zaidi: wahusika wako wafanane mahali fulani. Bi Mwanaisha na Famau wote wana kiburi cha kutoomba msaada, na wote wanampenda Time. Wasipofanana popote watagombana kama watu waliokutana stendi ya basi, na ugomvi wa namna hiyo hauna pa kurudi.

Hatua ya 3: Uhusiano ndio unaochagua silaha

Sasa tufike kwenye kiini. Chukua kisa kidogo: Famau ameshuka gatini na utungo wa samaki, kumi na wawili kwenye kamba moja. Kufika nyumbani wamebaki watatu, wengine amewagawa njiani. Tofauti ya wahusika ni ile ile, mhesabu na mgawaji. Lakini tazama kisa kinavyobadilika sura ukibadilisha uhusiano wao.

Kwanza, mtu na mkwewe. Mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Mama mkwe hamkaripii mkwewe usoni, na mkwe hamjibu mama mkwe. Basi ugomvi unatafuta njia ya pembeni, na kwa bahati nzuri mji wetu una paka wa kutosha.

BI MWANAISHA (kwa paka): Wewe paka, leo utalala na njaa. Gatini walikuwa kumi na wawili. Kufika mlangoni, kwenye daka, wamekuwa watatu. Sijui njia hii ina papa.
FAMAU (kwa paka): Mwambie bibi yako, njiani nimekutana na watu wanaonijua.
BI MWANAISHA (kwa paka): Mwambie hata mimi nilidhani namjua.
FAMAU: Shikamoo, mama.
BI MWANAISHA: Marahaba, mwanangu. Pole na kazi.

Ile salamu ya mwisho ndiyo inayochekesha kuliko yote, kwa kuwa imetimiza adabu yote juu ya moto wote. Ugomvi wa wakwe ni mtamu jukwaani kwa sababu mdomo umefungwa, na kila mtu ukumbini ana mkwe wake anayemfikiria. Mafumbo, leso iliyovaliwa siku hiyo maalumu kwa ajili ya maandishi yake, sufuria inayowekwa chini kwa kishindo kidogo kuliko ilivyostahili, mtoto anayetumwa "kamwambie": hizo ndizo silaha zao. Ukiwaruhusu wapigane kelele onyesho la kwanza, umewanyang'anya silaha zote kwa pamoja. Weka kelele akiba. Bi Mwanaisha apaze sauti mara moja tu katika mchezo mzima, na siku hiyo hata paka akimbie.

Pili, watani. Geuza Famau na mhesabu wake wawe mabinamu, au babu na mjukuu. Hapa hakuna haya, kila kitu kinaruhusiwa, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa.

— Samaki watatu? Wawili mashahidi, mmoja kadhi. Bwana harusi yuko wapi?
— Bwana harusi nimempa jirani.
— Basi na wewe nenda ukaolewe huko huko.

Utani unakwenda mbio, mpira unarudi kila upande, na watazamaji watapiga makofi. Lakini una upungufu: watani hawaumizani, kwa hiyo hakuna kinachoongezeka. Dakika tano za watani ni asali, dakika thelathini ni kelele. Utani ufanye kiungo cha mchezo, usiufanye chakula chenyewe.

Tatu, mume na mke. Time anawatazama samaki wale watatu, anawaweka kwenye sinia, anakaa.

TIME: Mimi sisemi samaki.
FAMAU: Alhamdulillahi.
TIME: Nasema, kwa Bi Zena umepita?
FAMAU: Nimempa wawili tu.
TIME: Wawili. Na mimi mkeo, kwa hesabu ya mama, nimepata mmoja.

Kwa wanandoa samaki ni kisingizio. Kila ugomvi mdogo una kaka yake mkubwa aliyelala chumba cha ndani. Mwandishi lazima ajue huyo mkubwa ni nani hata kama hatatajwa mpaka mwisho.

Nne, tajiri na baharia wake. Aliye chini hana ruhusa ya kukataa, basi anatii kwa namna inayoharibu. Waigizaji wa Italia wa karne ya 16, wale wa commedia dell'arte, walizunguka miji kwa hazina hiyo: Pantalone, mfanyabiashara mzee wa Venice, roho mkononi kwa ajili ya senti, na Arlecchino, mtumishi ambaye tumbo lake halijawahi kutulia. Sisi tuna Abunuwasi na mfalme wake. Ni uhusiano mzuri, ila umechezwa mno, na ukiuchukua uwe na jipya la kusema.

Fanya zoezi hili na kikundi chako kabla ya kuandika hata ukurasa mmoja. Chagua kisa kidogo chenye kitu kinachoshikika, kisha wawili wakicheze mara nne kwa mahusiano haya manne. Usiwape maneno. Utagundua upesi uhusiano upi unawapa uhai, na mara nyingi sio ule mliodhani.

Hatua ya 4: Wote wawili wawe na haki

Mwandishi akiegemea upande mmoja, huyo wa pili anageuka kinyago. Bi Mwanaisha asiwe bahili wa hadithi za watoto. Amefiwa na mume mapema, amelea watoto katika miezi ya kusi, bahari ya nje ilipochafuka na vyombo vidogo vikakaa bandarini, na siku hizo alijifunza kwamba kisichohesabiwa hakifiki mwisho wa mwezi. Hesabu yake ndiyo iliyomsomesha Time.

Na Famau naye si mjinga. Kwao, chombo kikitia nanga, wanaosaidia kuvuta hupata kitoweo, na mzee anayeomba hanyimwi. Leo bahari imekupa wewe, kesho itampa yule. Samaki aliyemgawa ndiye akiba yake, ila ameiweka matumboni mwa watu badala ya kwenye mtungi. Kwa mtazamo wake, Bi Mwanaisha ndiye anayepoteza mali, kwa kuificha mahali ambapo haimkumbuki mtu.

Ukishafika hapo umeshapata mchezo, maana kila anapokosea mmoja, mtazamaji anaona kwa nini. Jaribio lake ni rahisi: mwombe mwigizaji wa Famau amtetee Bi Mwanaisha mbele ya wenzake, na wa Bi Mwanaisha amtetee Famau. Akishindwa, rudi kwenye daftari.

Hatua ya 5: Mtu wa tatu awe na lake

Wawili peke yao huchoka. Mtu wa tatu hufanya kazi mbili: anabeba maneno, na anayaharibu njiani. Kosa la kawaida ni kumfanya mpatanishi mwema asiye na haja yoyote. Bwana Shee wetu anataka amani, kweli, lakini anataka pia kuendelea kuletewa samaki na Famau na kahawa na Bi Mwanaisha. Ugomvi ukiisha, atapoteza kimoja. Kwa hiyo kila ujumbe unapopita kwake unatoka na chumvi kidogo.

Bi Mwanaisha anasema, "Mwambie ajitahidi, mwezi ni mrefu." Bwana Shee anafikisha, "Mama anasema umekaa sana." Hajasema uongo mkubwa, kabadilisha maneno machache na mlango mzima umefungwa. Time naye yumo katikati, lakini kwa namna tofauti: yeye anafikisha maneno sawasawa na hakuna anayemwamini.

Watu wanne wanatosha kwa mchezo wa saa moja. Mkiwa kikundi cha watu kumi na tano na kila mmoja anataka kuonekana, wafanye wageni. Wageni tunawahitaji sana katika hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Kitu kimoja, ahadi mbili

Sasa tofauti ipewe kazi. Tafuta kitu kimoja ambacho wote wawili wamekiahidi, kila mmoja kwa tabia yake, bila mwenzake kujua. Kwetu ni chumba cha juu, majira ya Maulidi. Wakati huo Lamu hujaa. Watu wanatoka pwani nzima na ng'ambo kuja Riyadha, msikiti unaohusishwa na mwanachuoni Habib Swaleh, na nyumba zinapokea wageni mpaka madakani. Bi Mwanaisha amekipangisha chumba kwa familia ya Mombasa na amepokea pesa za mbele. Ameshazihesabu mara mbili na kuzifunga pembeni mwa leso. Famau amewaambia jamaa zake wa Kizingitini, "Njooni tu, kuna chumba." Wote wanafika jioni moja, kwa mlango mmoja.

Onyo dogo kutoka kwa mtu anayeujua mji: mzaha uwe juu ya chumba, juu ya mikeka, juu ya foleni ya choo. Ibada yenyewe msiiguse. Zaidi ya kwamba haifai, haitachekesha. Ukumbi utanyamaza na hamtaupata tena usiku huo.

Kisha panda ngazi. Samaki, halafu kahawa ya wageni wa barazani, halafu chumba, halafu nyumba yenyewe. Kila onyesho lihatarishe kitu kikubwa kuliko lililopita, na lisirudi nyuma. Makundi mengi huandika onyesho la fujo kubwa mapema kwa sababu ndilo walilolipenda, kisha wanabaki na nusu saa ya kuzungumzia fujo iliyopita. Lisogeze. Fujo ya wageni mlangoni inakaa robo ya tatu ya mchezo, na kabla yake tuwe tumemwona Famau akimwambia uongo Bi Mwanaisha mara ya kwanza maishani mwake, na Bi Mwanaisha akimficha Time kitu. Hadhira ijue habari zote mbili kabla wahusika hawajajua. Anayejua siri kicheko chake kina pumzi ndefu kuliko cha aliyeshtuliwa.

Hatua ya 7: Wabadilishane nafasi, lakini wasibadilike

Mwisho wa mchezo wa namna hii huwavuta waandishi kwenye hotuba. Bi Mwanaisha anajifunza ukarimu, Famau anajifunza kuweka akiba, wanakumbatiana, ngoma inapigwa. Nimeona miisho ya aina hiyo mara nyingi mno, na sijaona hata mtu mmoja akicheka.

Badala yake, msukume kila mmoja kwenye kiti cha mwenzake kwa nguvu ya mambo. Bibi kizee wa Kizingitini anafika amechoka, amekaa kwenye ngazi. Hakuna anayemwomba Bi Mwanaisha chochote. Anamtazama, anaingia ndani, anatoka na mto wake mwenyewe, anampa kitanda chake. Kisha, kwa kuwa bado ni yeye, anamwambia, "Shuka ni mbili. Asubuhi nitazihesabu." Upande wa pili Famau, aliyeachiwa kulisha watu ishirini na mfuko ule ule, anaonekana usiku akigawa mahamri na kunong'ona, "Moja moja, jamani, moja moja." Time amesimama nyuma yake, amesikia sauti ya mama yake ikitoka kinywani mwa mumewe.

Simon alifanya jambo la jamii hiyo hiyo mwishoni mwa mchezo wake: yule mchafu anawakanya wenzake mezani waangalie majivu ya sigara. Ni sekunde chache tu. Hakuna anayeeleza.

Hatua ya 8: Funika majina, usome

Mswada ukikamilika, chukua ukurasa wowote, funika majina ya wasemaji kwa karatasi na mpe mtu asome. Asipoweza kutambua nani anasema, wahusika wako wana mdomo mmoja, nao ni wako.

Bi Mwanaisha huongea kwa sentensi fupi na nambari. Famau huanza kila kitu na mtu: "Yule mtoto wa Bakari, yule mrefu, unamjua..." na samaki anafika mwisho wa sentensi kama alivyofika mwisho wa njia. Bwana Shee hajawahi kutoa kauli bila "watu wanasema". Time anauliza.

Kuhusu lahaja: Bi Mwanaisha aseme Kiamu chake, Famau na jamaa zake Kibajuni chao, wageni wa Mombasa Kimvita. Lakini muwape kazi hiyo waigizaji wanaozizungumza lahaja hizo nyumbani. Kumwigiza Mbajuni kwa kubananga maneno mawili matatu ni mzaha wa bei rahisi, na Wabajuni watakuwa wamekaa mstari wa mbele.

Hatua ya 9: Jukwaa na usiku wenyewe

Vifaa ni vichache. Mabaraza mawili yanayotazamana, kama ya daka, ndiyo vita vyenyewe: kila mhusika ana lake, na siku Famau anapokalia la Bi Mwanaisha bila kufikiri, kila mtu ataona. Mlango wa mbao mbili hata ukiwa wa plaiwudi. Ngazi moja. Utungo wa samaki wa mbao uliopakwa rangi. Msilete samaki halisi, mazoezi ni ya wiki nyingi na paka ni wengi. Kama mnataka paka jukwaani, asiwe hai. Tupeni macho chini mahali pamoja palipokubaliwa, na hadhira itamwona.

Mazoezini, chezeni onyesho zima bila maneno mara moja kwa wiki. Likieleweka, maneno yanayozidi yatajionyesha yenyewe, na mtayakata bila uchungu.

Familia kadhaa hapa hazitaki binti zao wapande jukwaani na wanaume wasio jamaa. Ulizeni mapema, msisubiri mabango yatoke. Ikiwa Bi Mwanaisha hapatikani, geuzeni awe Mzee Bwanaheri, baba mkwe. Haya ya ukwe ipo pale pale, ingawa wanaume wawili huwa wepesi wa kupaza sauti, na itabidi mwelekezi awabane zaidi.

Mkicheza Mkunguni mbele ya ngome, anzeni baada ya isha na mjue upepo wa baharini hula maneno ya mwisho wa sentensi. Neno linalochekesha liwe na vokali iliyo wazi, na lisemwe mtu akiwa amewageukia watu. Hadhira ya Lamu hujibu: mtu atapiga kelele kumwambia Famau chumba kimeshapangishwa. Msimpuuze wala msimjibu kwa maneno. Famau amtazame kidogo, aonekane kama amesikia kitu kwa mbali, aendelee. Na kicheko kikianza, ngojeni kipande na kianze kushuka kabla ya kusema neno linalofuata. Waigizaji wageni husema juu ya kicheko kwa woga, na mstari mzuri unazama.

Punda atalia. Amueni kabla ya usiku huo ni mhusika gani mmoja tu anayeruhusiwa kumjibu, wengine wote wamngoje anyamaze. Sisi tulimpa Famau: anainua mkono kuelekea sauti ilikotoka, anasema "Wa alaykum salaam," kisha anamgeukia Bi Mwanaisha, ambaye tayari ameshaanza kuhesabu sahani upya kwa sababu huenda na huyo amekaribishwa.